Fidia Itafuata Utaratibu

Kazi ya Onesmo Mihayo ilikuwa kuhesabu milango ya watu, na mama yake mzazi kule Shishiyu hakuwahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. Akiulizwa kanisani kijana anafanya nini mjini, alijibu, "Anahesabu nyumba," kwa sauti ileile ambayo wengine hutajia kifafa. Waumini walimpa pole. Mtoto amesomeshwa kwa pamba, amekwenda chuo cha ufundi Mwanza, amerudi Bariadi kuhesabu vitu ambavyo hata kuku anaviona.

Lakini ilikuwa kazi, tena ya mshahara. Kampuni yake ilisambaza faiba, ile intaneti ya waya inayoingia mpaka sebuleni, na kampuni ya namna hiyo haitundiki waya kabla ya kujua itatumia kiasi gani kwa kila nyumba. Onesmo alitembea mitaa yote ya mji akisukuma gurudumu la kupimia, gurudumu moja lenye mpini mrefu, ambalo liliwafanya wazee wamuulize kwa huruma baiskeli iliyobaki iko wapi. Alihesabu nguzo, akapima kebo, akajumlisha vibali na posho za mafundi, kisha jumla yote akaigawanya kwa idadi ya nyumba. Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa kazi yenyewe. Nyumba zikibanana, bei ya kila moja inashuka. Zikitawanyika, inapanda. Na Msukuma, Mungu ambariki, hajengi karibu na mwenzake maadamu bado kuna nafasi ya ng'ombe kupita katikati.

Kwenye kijiwe cha bodaboda walimwita Rula, kwa sababu alikuwa mnyoofu kiasi cha kukera. Mchungaji wake mwenyewe aliwahi kumwomba jiko la nje la kanisa lihesabiwe kama nyumba, ili faiba isogee kidogo upande ule. Onesmo akamjibu kwa heshima zote kwamba jiko ni jiko. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya Mafarisayo.

Nyumbani kwake palikuwa Mwagilindi, pembezoni kabisa mwa mji, ambako lami imeishia njiani na simu inashika ukisimama karibu na choo. Aliishi hapo na watoto wawili, Kwandu na Josia. Mke alikuwa naye, na hakuwa naye. Georgina, mzaliwa wa Malampaka, alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wake walikuwa Wanorwe, Wajapani na padri mmoja wa Poland. Watu wa pwani wangesikia kwamba Msukuma ndiye anayewafundisha Wazungu Kiswahili wangecheka mpaka wakae chini, lakini Wazungu wenyewe hawakulalamika, na walilipa kwa wakati.

Tatizo lilikuwa Mwagilindi. Somo lilianza vizuri, "Habari za asubuhi, Bwana Lars," halafu picha ikaganda, na Bwana Lars akabaki na picha ya mwalimu aliyefumba jicho moja na kuachama. Wanafunzi watatu walikimbia. Mwishowe Georgina akapanga chumba Mwanza, ambako intaneti haina kwikwi. Kila mwezi alikaa huko wiki tatu, akarudi nyumbani moja. Wiki hiyo moja aliitumia kufua, kusahihisha madaftari ya watoto na kuulizwa na Josia, "Mama, unaondoka lini?" Swali hilo lilimkata maini kila mara, na Onesmo aliyelisikia naye hakuwa salama.

Majirani wema hawakukosekana. Mama Nyanjige, mjane wa nyumba ya pili, ndiye aliyewapikia watoto Onesmo akichelewa. Hakutaka malipo. Alitaka kuitwa mayu, mama, na alitaka Josia amalize ugali.

Basi Septemba ikaja barua pepe kwamba Mwagilindi imeingia kwenye mitaa ya kukadiriwa. Georgina alipopigiwa simu alipiga kigelegele, na majirani zake wa Mwanza wakadhani amepata mjukuu.

"Sasa mume wangu ndiye mwenye gurudumu," alisema. "Nikikosa faiba safari hii, nitajua umenichoka."

"Hesabu ndiyo itakayosema."

"Wewe nawe! Iambie hiyo hesabu ina watoto wawili."

Onesmo akapima mtaa wake kama alivyopima mingine yote, akirudi nyuma pale gurudumu liliporuka jiwe. Matokeo yalikuwa mabaya. Kuileta kebo kutoka ilipoishia, karibu na soko, kuitundika kwenye nguzo za umeme mpaka Mwagilindi na kuitawanya humo ndani, kisha kugawanya kwa nyumba sitini zilizokuwepo, kulitoa laki saba na ishirini kwa nyumba. Kampuni ilikuwa na mwisho wake: laki nne. Mtaa wowote uliozidi hapo ulifutwa. Akarudia hesabu mara mbili, akitumaini amekosea. Hakukosea. Ndiyo shida ya kuwa Rula.

Kabla hajatuma makadirio, utaratibu ulimtaka autaarifu mtaa. Mwenyekiti Mayunga akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Onesmo akaeleza faiba ni nini, faida zake, kasi yake. Watu wakasikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza matangazo ya chanjo. Halafu Luhende, aliyestaafu kiwanda cha kuchambua pamba na ambaye hakukosa mkutano wowote ule, akainua mkono.

"Hayo yote tumeyasikia, ngosha. Sasa fidia je?"

Hapo mkutano ndipo ulipoamka. Maana reli mpya ilipopita upande wa Malampaka, binamu yake Luhende alilipwa kwa kibanda na migomba, akanunua bajaji. Tangu hapo Luhende hakuweza kumwona mtu mwenye futi kamba bila moyo kumdunda.

Onesmo alijua jibu. Kebo ingepita juu, kwenye nguzo ambazo tayari zipo. Hakuna shamba la mtu lingeguswa, hakuna shimo, kwa hiyo hakuna fidia. Lakini kampuni ilikuwa imewaonya watumishi wake wasizungumzie fidia hadharani, ikawapa na sentensi ya kujibia, iliyoandikwa na mtu wa Dar es Salaam mwenye kiyoyozi. Onesmo akaitoa kama alivyopewa.

"Fidia itafuata utaratibu."

Ni Kiswahili safi. Mwalimu yeyote angeipa vema. Bahati mbaya Mwagilindi, ambako Kiswahili ni lugha ya pili na matumaini ndiyo ya kwanza, watu waliishia kusikiliza kwenye neno la pili. Fidia itafuata! Yaani inakuja nyuma, kama mkia wa ng'ombe. Makofi yakapigwa. Luhende akamtazama Onesmo kwa mapenzi ya baba.

Onesmo aliisikia ile shangwe na akajua wamesikia nini. Alifungua mdomo kurekebisha, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaanza sala ya kufunga.

Wiki ileile mtaa ukaanza kutegesha. Neno hilo limetoka kwenye migodi: ukisikia mradi unakuja, unasimamisha nyumba haraka ili ikutwe imo kwenye njia yake, ilipwe. Nyumba ya kutegesha haijengwi ikaliwe, inajengwa ihesabiwe. Miti minane, udongo usiofika kiunoni, bati juu, mlango uliokopwa. Luhende alijenga nne, na moja aliielekeza dirisha barabarani, ili fidia ikipita isijifanye haikuiona. Mwenyekiti Mayunga alikemea jambo hilo kwenye mkutano na kujenga mbili. Duka la vifaa likaishiwa misumari.

Onesmo alipita kila siku na gurudumu lake, akiona mabati yanavyong'aa, na kichwani mwake ile hesabu ikawa inajigawanya yenyewe bila kuombwa. Kanuni ya kampuni ilisema: hesabu kila jengo lenye kuta, paa na mlango. Haikusema lolote juu ya mtu. Mtunga kanuni hakuwahi kufikiri kwamba kuna binadamu watakaojenga mlango usio na mtu nyuma yake. Na sasa milango ilikuwa mia moja na ishirini na ushei. Bei ya nyumba moja imeshuka mpaka laki tatu na nusu.

Laki tatu na nusu! Rula alikaa na namba hiyo kama mtu aliyeokota pochi. Hakuiba. Hakudanganya. Alifuata kanuni, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza maishani akiifurahia. Kumbe unyoofu ukikutana na bahati ni kitu kitamu hivi! Akatuma makadirio. Fidia hakuitaja tena kwa mtu, na kwa kweli hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa kila mtu alikuwa juu ya paa.

Mkuu wake, Eliaichi, Mchaga wa Machame aliyekuwa na ofisi Dar es Salaam, akaja na droni kuhakiki. Droni ilipopaa juu ya Mwagilindi, wachache waliokuwa na shaka wakaamini, maana serikali yoyote duniani haimwagi pesa bila kwanza kurusha kitu. Eliaichi alitazama picha zake akitikisa kichwa kwa furaha.

"Onesmo kaka, mji huu unakua kwa kasi ya ajabu. Angalia mabati! Hii ndiyo inaitwa fursa."

"Unakua, bosi," alisema Onesmo.

"Nitarudi wiki ijayo na wakubwa, watembee kidogo, wapige picha, tusaini."

Jioni ile Georgina alipopigiwa simu hakupiga kigelegele. Alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akauliza kama ukuta wa chumbani unaweza kupakwa rangi nyeupe, ili Bwana Lars asione madoa ya mbu. Onesmo akasema unaweza. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alimaliza ugali wa Josia.

Kesho yake saa za alasiri mama Nyanjige aliingia uani, akavua kandambili mlangoni kama kawaida yake.

"Mwadila, baba Kwandu."

"Mwadila, mayu. Karibu."

"Nimekuja na neno. Nataka na mimi nijenge. Vyumba viwili ni bora au vitatu?"

Onesmo akacheka kicheko kisicho mahali pake. "Mayu, wewe nyumba ya nini?"

"Kama ya wenzangu. Nimeshaongea na mnunuzi, Jumatano anawachukua maksai wote wawili. Pesa ile inatosha bati na miti, na fundi anabaki ananidai kidogo."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanukia. Wale maksai wawili ndio waliomlimia Nyanjige tangu mumewe afariki, na walilimia pia watu wengine kwa malipo. Bila wao asingekuwa na mahindi, wala pamba, wala kitu kingine cha kuita chake.

"Utalima na nini?"

"Fidia ikija nitanunua wengine, wachanga. Si wewe uliyesema inafuata?"

"Usijenge, mayu," alisema Onesmo. "Sikiliza ushauri wangu. Wewe usijenge."

Nyanjige akamkazia macho. "Mimi tu? Luhende ajenge nne, mwenyekiti ajenge mbili, mimi mjane nisijenge hata moja? Baba Kwandu, nimekukosea nini?"

Alifikiri kumwambia asubiri wiki moja. Wiki moja tu, wakubwa waje, wasaini, waondoke. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Lakini Jumatano ilikuwa kesho kutwa, na mnunuzi wa ng'ombe hasubiri wiki.

"Hakuna fidia," alisema.

"Wameifuta?"

"Haijawahi kuwepo. Waya unapita juu kwenye nguzo za umeme. Hakuna anayelipwa."

"Lakini ulisema itafuata. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio haya."

"Nilisema itafuata utaratibu."

"Na huo utaratibu ndio nini?"

"Utaratibu ni kwamba haipo."

Nyanjige aliitafuna sentensi hiyo. "Kiswahili hicho," alisema mwishowe, "mnakiokota wapi?" Kisha, kabla Onesmo hajajibu: "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ukawa unapita hapa kila siku na kile kigurudumu chako, unatuona tunabeba miti."

Onesmo akainamisha macho kwa aibu kwenye zile kandambili mlangoni. Nyanjige akavaa kandambili zake taratibu, akasema watoto wameshakula, akaondoka. Hakusema wabeja, asante, wala kwaheri, yeye ambaye alikuwa akiaga hata mbuzi.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa na habari. Nusu ya watu waliamini fidia haikuwepo. Nusu nyingine waliamini ilikuwepo, ila Onesmo na Mchaga wake wameila, na ushahidi ni kwamba ananuka rangi mpya ya chumbani. Luhende alisimama kwenye geti la Onesmo akasema kwa sauti kwamba maishani mwake amedhulumiwa na wanunuzi wa pamba, na mzani, na shemeji yake, lakini hajawahi kudhulumiwa na shamirisho. Aliposema shamirisho watu walimwangalia, kumbe mzee alikuwa amesoma. Hata hivyo, kula kwa Onesmo au kutokula, bati ni bati. Jumamosi Mwagilindi nzima ilikuwa juu ya mapaa tena, safari hii ikiyashusha. Milango iliyokopwa ilirudi kwa wenyewe. Duka la vifaa lilinunua mabati kwa bei ya kuwahurumia, likiwa halimhurumii mtu.

Wakubwa walipofika na Eliaichi, walikuta mtaa uliojaa vijiti vilivyosimama wima.

"Kaka, hawa watu wamehamia wapi?" aliuliza Eliaichi.

Onesmo akamweleza yote, pale barabarani, mbele ya viatu safi vya wakubwa. Alieleza sentensi ya fidia, akaeleza kutegesha, akaeleza kwamba alijua na akanyamaza. Hakueleza kwa nini alinyamaza. Alitaka kusema habari za Georgina, lakini aliona zingeonekana kama kuomba huruma, na huruma haiko kwenye makadirio.

Alitegemea kufukuzwa. Badala yake mkubwa mmoja, aliyekuwa amenyamaza akijipepea kwa kofia, akampa mkono. Alisema kampuni ilikuwa inakaribia kutundika mamilioni kwenye mtaa wa vijiti, na kama si ukweli wa kijana huyu wangekuja kuchekwa mpaka Dodoma. Watumishi wa namna hii ni wachache. Mkataba ukaongezwa mwaka mzima, na akapewa cheo kipya, Mkadiriaji Kiongozi wa Simiyu, japokuwa Simiyu haikuwa na mkadiriaji mwingine wa kumwongoza. Mwagilindi ikafutwa siku hiyohiyo. Eliaichi alimpigapiga bega, akamwambia ajiandae, Lamadi inafuata, huko nyumba zimebanana vizuri.

Siku hiyo Onesmo aliketi kwenye tofali karibu na choo, pale simu inaposhika, akampigia mkewe. Alimweleza kuanzia mkutano mpaka mkono wa mkubwa. Georgina hakumkatiza. Alipofika kwenye maksai wa Nyanjige, alisema tu, "Ulifanya vizuri kumwambia," na Onesmo akapumua. Alipumua mapema mno.

"Mwishoni ilitoka bei gani?" aliuliza Georgina.

"Laki saba na ishirini kwa nyumba. Ileile ya kwanza."

"Mimi hapa chumba nalipa elfu themanini kwa mwezi."

"Najua."

"Unajua. Kwa mwaka hiyo ni laki tisa na sitini. Sijaweka nauli. Sijaweka unga wa pili, mkaa wa pili, ndoo ya pili. Nimekaa huku mwaka na nusu, Onesmo. Nyumba yetu nimeshailipia faiba mimi mwenyewe, na ya mayu Nyanjige pia. Hiyo uliiweka kwenye safu gani?"

Onesmo akazipitia safu zake kichwani. Ilikuwepo ya nguzo. Ilikuwepo ya kebo, ya vibali, ya ngazi, ilikuwepo mpaka ya maji ya kunywa ya mafundi. Mwaka na nusu aliijua kodi ile, tangu Septemba aliijua bei ile, na hakuwahi kuziweka pamoja, yeye ambaye alilipwa kwa kujumlisha.

"Haina safu," alisema.

"Nilijua haina." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. "Basi shule zikifunguliwa Januari niletee watoto. Nimechoka kusahihisha madaftari kwa wiki moja. Wewe una mkataba huko, baki nao."

Alitaka kumwambia kwamba mwaka kesho mambo yanaweza kubadilika, mji unakua, pengine watu watajenga kweli. Lakini alikuwa mkadiriaji, alijua ni nyumba ngapi zinajengwa kwa mwaka Mwagilindi, na zilikuwa tatu.

"Sawa," alisema. Akatafuta kitu chochote cha kusema ili simu isikatike. "Chumba kitawatosha?"

"Nitahamia kikubwa. Hiki nilishamwambia mwenye nyumba natoka, na kitanda nimekiuza juzi, nikijua narudi nyumbani."

"Utalala wapi?"

"Nitanunua kingine," alisema Georgina. "Cha futi sita. Tutatosha wote watatu."